Mama ana kisukari, figo zimeanza kuyumba: diklofenaki ya magoti aendelee nayo?

Bintimaji:
Wakuu, naombeni ushauri. Mama yangu ana miaka 61, ana kisukari cha aina ya pili cha siku nyingi, na presha pia. Majibu yametoka: mkojo una albumini (protini ya damu), ACR, yaani albumini ikilinganishwa na kreatinini ya mkojo, ni 84 mg/g, na uchujaji wa figo (eGFR) 68. CRP, protini ya damu inayoonyesha uvimbe mwilini, nayo imepanda kidogo. Daktari alisema harakaharaka kwamba kisukari huleta inflamesheni, yaani uvimbe wa ndani, na huo unachangia kuharibu figo. Akaandika losatani, dawa ya presha, tukaondoka.

Tatizo ni magoti. Mama anameza diklofenaki karibu kila siku. Nikimgusia anajibu, "Si ndiyo dawa ya uvimbe? Basi na figo zinapona humohumo." Mdogo wangu naye kaagiza vidonge vya bizari ya manjano vya "kusafisha figo". Roho yangu haitaki vyote viwili, ila sina hoja ya kumshinda mama.

Zamu_ya_Usiku:
Pole, dada. Mama aache kumeza diklofenaki, na kesho mpigie daktari aliyeandika losatani umweleze kwamba amekuwa akiitumia. Huenda hajui.

Hoja ya kumpa mama ni hii. Figo yenye shida hutegemea prostaglandini, kemikali za mwili zinazouacha wazi mshipa unaoingiza damu kwenye chujio. Diklofenaki na ibuprofeni hutuliza maumivu kwa kuzizima kemikali hizohizo, kwa hiyo damu inayofika kwenye chujio inapungua. Losatani nayo hulegeza mshipa wa kutokea, ili kushusha shinikizo ndani ya chujio. Peke yake ni jambo jema. Ukiziunganisha, mlango wa kuingilia umebanwa na wa kutokea umeachiwa, na shinikizo la kuchujia linaanguka. Akiongezewa dawa ya kukojoza au akaharisha siku mbili, figo zinaweza kugoma ghafla. Nimeshawapokea wagonjwa wa namna hiyo, na wengi walikuwa wanatibu magoti au mgongo tu.

Mzee wa Vipimo:
Naongezea kidogo. ACR moja msiipe uzito wote. Homa, maambukizi ya mkojo, mazoezi mazito au sukari iliyopaa vyote huipandisha. Hurudiwa, na zikitoka juu ya 30 mara mbili kati ya tatu ndani ya miezi 3 hadi 6, hapo ndipo husemwa figo zimeguswa. CRP ndiyo msiipe uzito kabisa kwa suala hili: hutengenezwa na ini, na fizi mbovu au kidonda cha mguu vinatosha kuipandisha. Haisemi moto uko wapi. Ila mkague miguu na meno, hayo ni ya mgonjwa wa kisukari hata bila CRP.

Kaka_Sukari:
Mimi nilimwelewa daktari hivi: sukari na shinikizo vikichokoza chujio, seli za figo huita askari wa kinga, askari wakikaa sana wanaacha makovu. Kovu halichuji. Sasa mbona hakuna kidonge cha kuwatoa hao askari moja kwa moja?

Zamu_ya_Usiku:
@Kaka_Sukari umeelewa vizuri. Walijaribu. Badoksoloni ilikuwa na matumaini makubwa, lakini jaribio lake kwa wagonjwa wa kisukari wenye figo dhaifu lilisimamishwa mwaka 2012 kwa sababu moyo ulikuwa unashindwa kazi. Zilizofaulu zimepita njia nyingine. Kuna zinazotoa sukari kwa mkojo, dapagliflozini na empagliflozini, na kuna finerenoni, ambayo hupunguza uvimbe na makovu lakini inataka potasiamu ifuatiliwe. @Bintimaji, muulize daktari kama mama anafaa kuanzishwa mojawapo. Na baada ya kuanza losatani, kreatinini (taka ya damu inayopanda figo zikichoka) na potasiamu vipimwe ndani ya wiki 2 hadi 4. Kreatinini ikipanda kidogo msishtuke mkaacha dawa, hadi asilimia 30 huwa inavumilika.

Vidonge vya manjano virudishwe dukani. Vya nguvu nyingi vina oksaleti, kemikali inayoweza kuganda ndani ya figo, na kuna watu figo zao zimeumia kwa hiyo.

Mzee wa Vipimo:
Na "kusafisha figo" ni biashara. Figo ndiyo msafishaji.

Bintimaji:
Asanteni sana. Nimemsomea mama yote. Ya mlango wa kuingilia na wa kutokea imemwingia, kanikabidhi pakiti mwenyewe. Ila kauliza: sasa magoti je?

Zamu_ya_Usiku:
Parasetamoli kwa kipimo alichoandikiwa, asizidishe. Jeli ya diklofenaki ya kupaka huingia kwenye damu kidogo sana kuliko kidonge, ila aipate kwa ruhusa ya daktari, hasa kwa figo zake. Halafu mtafutieni mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Misuli ya paja ikipata nguvu goti linapumua, na sukari nayo inashuka.