Naomba ushauri: kuonja Chenin Blanc ya Dodoma na za nje kwa haki

Wakuu habari. Naandaa meza ya kuonja mvinyo mweupe wa zabibu za Chenin Blanc, chupa tatu bila kuonyesha lebo: ya hapa Dodoma, ya Stellenbosch, Afrika Kusini, na ya Vouvray, Ufaransa. Zote kavu, yaani zisizo na utamu wa sukari. Ya Vouvray nimechagua iliyoandikwa "sec" (kavu), maana nyingine zina sukari na ulinganisho ungeharibika. Mililita 50 kwa glasi, chupa zimefungwa karatasi, ndoo ya kutemea ipo.

Shida ni joto. Nalenga nyuzi 10, lakini kwa mchana wa huku glasi inapanda haraka, na ikipita 15 pombe inatangulia puani, uchachu unaonekana umelegea. Ikitoka kwenye friji kwa nyuzi 4 nayo harufu inajifunga. Je, nimimine moja moja, au zote kwa pamoja ili zipande sawa? Naegemea pamoja.

Pili, waonjaji wapya wanachanganya uchachu na ukakasi. Uchachu unajaza mate pembeni mwa ulimi. Ukakasi unakausha fizi. Nafikiria kuanza na maji ya limao, halafu chai ya rangi iliyokolea, isiyo na sukari. Limao kiasi gani kwa lita bila kuua ulimi kabla ya mvinyo?

Na harufu: pera, asali na nanasi nitaziweka kwenye vikombe wanuse kwanza. Kwinsi, tunda linalofanana na pera, inatajwa sana kwa Vouvray, lakini nani anaijua huku kwetu Kizota, Dodoma? Mnaibadilisha na nini?