MJADALA: Kwa milioni mbili unanunua laptopu mpya ya gemu au mtumba wenye nguvu? Na kwa nini wauzaji hawaandiki wati za kadi ya picha?

Habari zenu wakuu. Hii mada imenikera mwezi mzima, naona watu wanapigwa na hawajui kama wamepigwa.

Mdogo wangu anasoma usanifu majengo, mwaka wa pili. Akaomba laptopu ya kuchorea ambayo jioni atacheza gemu za FC na Warzone na wenzake. Nikajichanga, na yeye akatoa akiba yake, tukaingia Kariakoo tukakuta duka lina mashine mpya ndani ya boksi, nyembamba, kibodi inawaka rangi, stika ya RTX 3050, yaani jina la kadi ya picha inayoendesha gemu, iko pale mbele, muuzaji anasema kijana hii ni chuma hutakaa ujute. Tukalipa. Wiki haijaisha dogo ananipigia, kaka gemu inakatakata. Nikajua ni intaneti. Nikaenda geto kwake Mbezi nikaona kwa macho yangu: mwenzake wa chumba ana mtumba wa 2019 wenye kadi ya zamani zaidi, GTX 1660 Ti, kava limepauka, feni zinavuma mpaka unapandisha sauti kuongea, na gemu ile ile kwake inateleza. Na aliinunua kwa hela ndogo kuliko sisi.

Ndo nikaanza kuchimba. Kumbe RTX 3050 ya laptopu sio kitu kimoja. Nvidia, mwenye kadi hizi, anamruhusu mtengenezaji wa laptopu aipe umeme kuanzia wati 35 mpaka 80, na jina linabaki lile lile, stika ile ile. Ya kwetu nilipofungua GPU-Z, programu inayoonyesha kadi inavuta wati ngapi, huku gemu inacheza haikuvuka wati 40. Ile ya mwenzake inavuta 80. Memori ya kadi kwetu GB 4, kwake GB 6. Juu ya hapo tumewekewa RAM kipande kimoja cha GB 8, yaani prosesa inavuta data kwa njia moja wakati mashine ina nafasi ya njia mbili. Zamani angalau kadi iliyopunguzwa umeme ilikuwa inaandikwa Max-Q kwenye jina, ukiliona unajua, ila kuanzia RTX 30 mwaka 2021 hilo neno likatoka kwenye jina la kadi. RTX 4050 na 4060 ni hivyo hivyo, 35 mpaka 115, kwahiyo 4060 iliyobanwa kwenye mwili mwembamba inaweza kupitwa na 4050 iliyoachiwa ipumue, na wewe umelipa zaidi.

Msimamo wangu: kwa milioni mbili kushuka chini, mtumba wenye feni mbili na kadi iliyopewa wati kamili unaushinda huo upya wa stika. Na la pili, muuzaji aandike wati kwenye tangazo. Friji inauzwa kwa lita, jenereta kwa KVA, pampu ya maji kwa hosi pawa, kwa nini hii tuuziwe kwa stika? Nakaribisha wa kunipinga.

Mchangiaji, Dodoma

Mkuu nakupinga na nina sababu. Mtumba ni bahati nasibu, hujui ilichezewa nini miaka mitano, betri imekufa, warranti hakuna, unarudi dukani wiki ya pili unaambiwa ulipoichukua ilikuwa nzima. Halafu kuna kitu watu mnakisahau, Windows 10 ilikatiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Sasa zile laptopu za GTX 1050 zenye prosesa ya i7 ya kizazi cha 7 zilizojaa sokoni unamuuzia nani? Gemu ya Valorant kwenye Windows 11 haifunguki kama TPM 2.0 na Secure Boot, ule ulinzi wa wakati mashine inawaka, havijawashwa. Na hiyo 1660 Ti unayoisifia haina RTX, gemu kama Indiana Jones and the Great Circle na Doom: The Dark Ages zinataka kadi yenye ray tracing, yaani uwezo wa kuchora mwanga ambao kadi za RTX zinao, hata ukishusha kila kitu chini. Unanunua leo, kesho gemu mpya inakukataa mlangoni.

Mleta mada

Kizazi cha 8 nakubaliana na wewe asilimia zote, chini ya hapo mtu asiguse hata apewe nusu bei. Kwenye hizo gemu mbili pia upo sahihi, ila angalia upande wa pili, kiwango cha chini walichoandika watengenezaji wa gemu hizo wenyewe ni RTX 2060 Super ya GB 8. Hii yetu mpya ya GB 4, yenye RTX kwenye stika, nayo haifiki huko. Kwahiyo mlangoni tunakataliwa wote, mimi nimelipa zaidi tu. Warranti ndo hoja yako nzito na sina jibu zuri, nilichoona ni kwamba warranti yetu inalipia kuharibika, hailipii mashine kuwa dhaifu. Nilirudi dukani na picha za GPU-Z wakaniambia inafanya kazi vizuri. Na ni kweli inafanya kazi, ndo maana nataka wati ziandikwe kabla sijatoa hela.

Mchangiaji, Nairobi

Boss hapo kwa usanifu majengo umepita karibu na jibu ukaliacha. Huku Nairobi tunachukua ex-UK, yaani mitumba ya Uingereza, zile kampuni zilitumia zikatupa. Tafuta ZBook 15 G6, ThinkPad P53 ama Dell Precision ya miaka hiyo, ziko na kadi za kazi za Nvidia, Quadro T1000 ama T2000, kwa gemu zinacheza ligi ya GTX 1650, si moto sana lakini FC na GTA V zinaenda sawa, na kwa programu za kuchora kama AutoCAD na Revit ni kazi zilitengenezewa. Mwili mnene, kufungua na kuongeza RAM ni rahisi. Bei huwa chini kwa sababu vijana wa gemu hawaziangalii, hazina taa. Kitu moja tu, ukifika dukani ingia BIOS, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, mbele ya muuzaji, kama iko na paswadi ya kampuni ya zamani weka chini uende, usiambiwe itatolewa kesho.

Na kama mtu hatoki nyumbani anunue desktopu bana. Kwa pesa hiyo hiyo kadi ya mezani inakula umeme wake wote na ukipata pesa mwaka ujao unabadilisha kadi peke yake. Ubaya ni stima ikipotea, mechi imeisha hapo hapo, isipokuwa ununue UPS, ile betri ya akiba.

Mchangiaji, Mwanza

Mimi ni fundi, mnabishana kuhusu kadi lakini mashine nyingi ninazoletewa tatizo sio kadi. Tatizo ni chaja. Mtu ananunua mtumba wa gemu ambao kiwandani ulikuja na chaja ya wati 230 au 180, chaja ilibaki huko ilikotoka, hapa anafungashiwa ya 120 au 90 kwa sababu kichwa kinaingia. Mashine inawaka, inachaji, kila kitu sawa, ukifungua gemu kadi inajibana ili isizimike na betri inapungua huku umechomeka ukutani. Watu wanakuja wanasema kadi imekufa. Geuza chaja usome nyuma, kisha linganisha na ile inayotakiwa kwenye modeli hiyo, ni dakika moja tu.

Pili joto. Huku kwetu na huko Dar chumba mchana kinagonga digrii 30 na zaidi, pasti ya kupitisha joto juu ya prosesa, ya miaka mitano, imekauka imekuwa kama chokaa, feni zimejaa vumbi. Prosesa ikifika digrii 95 mpaka 100 hivi inashusha mwendo yenyewe. Kusafisha na kubadili pasti ni kazi ndogo na mashine inafufuka. Kwahiyo ukienda kununua usikubali kuonyeshwa ikiwaka tu, omba nusu saa, washa FurMark, programu ya kuikamua kadi, au gemu yoyote, HWiNFO inayosoma joto na wati iwe wazi pembeni, angalia wati na joto vinakaa wapi baada ya dakika ishirini sio dakika mbili. Muuzaji akikataa nusu saa jua kuna anachokijua.

Mchangiaji, Tanga

Nunueni PS4 mtumba ya gemu na laptopu ya kawaida ya kusomea, mnajitesa.

Mleta mada

Wa Tanga, kama ingekuwa gemu peke yake ningekuelewa, ila dogo ana Lumion na Revit, na Lumion, ya kutengeneza picha za majengo, inakula kadi kuliko hata Warzone, hapo PS haimsaidii na kwenye laptopu ya kawaida Lumion haiendi.

Fundi wa Mwanza umenifungua macho, kesho yake nilimpigia simu mwenzake dogo asome chaja yake, ni ya wati 230, ndo maana inateleza. Na ya kwetu nimeongeza kipande cha pili cha RAM cha GB 8, nimekinunua kwa uchungu maana bei ya RAM imepanda sana tangu mwishoni mwa 2025, kukatakata kumepungua kweli, ila kwenye Lumion bado inalia.

Kwahiyo naiuza. Tangazo nimeshaliandika: RTX 3050, GB 4, wati 40 kwenye gemu, RAM 16, chaja yake original, nusu saa ya kupima inaruhusiwa. Dogo anasema nikiandika wati 40 hakuna atakayeinunua kwa bei ninayotaka, na nadhani yuko sahihi, ila sitazitoa. Hela ikipatikana tunakwenda kwenye ZBook au P53. Aliyeiona moja hapa Dar yenye T2000 na BIOS isiyo na paswadi aniambie, na wenye 3050, 4050 na 4060 fungueni GPU-Z mtuwekee hapa wati zenu pamoja na modeli.