Naomba ushauri: chuma cha damu hakipandi na H. pylori (bakteria wa tumboni) ipo, nianze na lipi?

Wakuu, naomba mawazo ya wenye uzoefu. Mwanamke wa miaka 34, himoglobini 8.9, ferritini (kipimo cha akiba ya chuma) 7. Hedhi ni ya kawaida, hana mimba, kipimo cha siliaki (ugonjwa wa utumbo unaoletwa na gluteni ya ngano) ni hasi. Amemeza vidonge vya chuma wiki 8 bila kuruka, himoglobini imepanda 0.3 tu. Kipimo cha antijeni kwenye kinyesi kimeonyesha H. pylori.

Kwamba bakteria huyu anazuia chuma, hilo linaeleweka: uvimbe wa muda mrefu unaweza kupunguza asidi na vitamini C tumboni, na bila hivyo viwili chuma hakiyeyuki vizuri.

Ninapokwama ni mpangilio. Tiba ya H. pylori ya siku 14 ina bismathi, tetrasaiklini, metronidazo na omeprazo. Tetrasaiklini ikikutana na chuma hushikana nacho, vyote viwili visifyonzwe vizuri. Omeprazo nayo inaondoa ile asidi kidogo iliyobaki. Je, mnasimamisha vidonge vya chuma siku hizo 14, au mnampa chuma cha mshipa? Halafu bismathi na chuma vyote hufanya kinyesi kiwe cheusi, sasa kama ana kidonda cha tumbo na kikivuja damu hapo, nani ataitambua?

Kurudia kipimo najua: wiki 4 baada ya antibayotiki, omeprazo ikiwa imeachwa wiki 2 (na si kile cha damu, maana kingamwili hubaki muda mrefu). Chuma mnakirudisha mara moja au mnasubiri jibu hilo? Na ni kila siku, au siku moja ndiyo, moja hapana?