Mrejesho: muziki kukatakata kwenye kompyuta
Wakuu nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza mbona muziki kwenye kompyuta niliyounganisha na amplifaya kwa DAC ya USB (kile kifaa kinachogeuza data ya muziki kuwa mawimbi ya umeme ya sauti) unakatika na kutoa tik tik kila baada ya dakika chache, hata mafaili yaliyo kwenye diski yake yenyewe. Kuongeza bafa (akiba ndogo ya data ya muziki inayosubiri kupigwa) toka 256 hadi 1024 kulipunguza tu tatizo, hakukulimaliza. Aliyesema nizime waifai kwanza ubarikiwe sana, maana nilipoizima tu tik tik zikaisha, kumbe draiva yake (programu inayoiendesha hiyo waifai) ilikuwa inaing'ang'ania prosesa mpaka bafa inakauka kabla data mpya haijafika! Nimeweka draiva mpya, waifai nimeirudisha, leo siku ya tatu napiga albamu nzima nzima haijakatika hata mara moja, raha sana jamani.