MTHAMINI ANAPANGA BEI YA PICHA BILA KUIGEUZA NYUMA! Huu ni uthamini au uhuni?

Wakuu, heshima zenu. Leo nimekasirika, kwa hiyo mtanivumilia.

Marehemu baba mdogo alikuwa mpiga picha wa magazeti hapa Dar tangu miaka ya 60. Sio wa harusi wala wa paspoti. Alipiga ujenzi wa TAZARA, vijiji vya ujamaa, makuli wa bandarini, foleni za sukari. Ameacha maboksi ya picha alizosafisha kwa mkono wake kwenye chumba chake cha giza, na negativu zake. Mirathi ikafunguliwa, wanafamilia tukakubaliana zithaminiwe kwanza: zikienda mnadani tugawane fedha, zisipoenda basi angalau kila mrithi ajue tunabishania nini. Tukaelekezwa kwa kampuni moja, jina nalihifadhi, inayojinadi kuthamini sanaa na vitu vya kale na kwamba ina watu wake kwenye nyumba za minada Ulaya.

Akaja kijana mtanashati na glavu nyeupe. Kazipanga mezani, kazipiga kwa simu upande wa mbele, kamaliza. Hakugeuza hata moja! Shangazi akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, na haya maandishi ya huku nyuma?" Akajibu kwamba mnunuzi hanunui maandishi.

Hanunui maandishi? Nani kamfundisha huyu?

Nichukue moja tu. Mbele ni nguzo ya daraja la mto Mpanga, mafundi wa Kichina na wa kwetu wamesimama juu ya mbao, hakuna hata mmoja anayeitazama kamera. Picha nzuri, lakini picha za TAZARA zipo nyingi. Sasa geuza. Kuna mhuri wa zambarau wenye jina la baba mdogo na sanduku lake la posta. Kuna penseli: "Mpanga, 1972". Kuna mistari myekundu ya mhariri inayoonyesha pa kukata, na pembeni kaandika "safu 3, uk. wa mbele". Na ukirudi mbele, pembeni, sehemu nyeusi zimeanza kutoa mng'ao wa fedha, kama picha za miaka ile zinavyofanya zikizeeka. Yaani karatasi hii hii ndiyo iliyopita mezani kwa mhariri wakati reli inajengwa. Ukisafisha nyingine leo kutoka negativu ileile, sura itafanana, bei haitasogeleana hata kidogo.

Na hili silitungi. Dorothea Lange, mpiga picha wa Kimarekani, alimpiga picha yule mama mhamiaji kule Nipomo, California, mwaka 1936, akiwa kwenye kazi ya serikali ya Marekani. Leo picha ile unaipakua bure kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani. Lakini mwaka 1998 nakala ya zamani yenye maandishi ya mkono wake Lange iliuzwa kwenye nyumba ya mnada ya Sotheby's, New York, kwa dola 244,500. Mnunuzi hanunui maandishi, eti!

Na mgongo wa picha hautumiki kupandisha bei tu, unakamata na matapeli. Lewis Hine, aliyepiga picha za watoto waliofanyishwa kazi viwandani Marekani, alifariki 1940. Mwishoni mwa miaka ya 90 ikagundulika kuwa nakala kadhaa zilizouzwa kama zilizosafishwa enzi za uhai wake zipo kwenye karatasi yenye kemikali ya kuongeza weupe, ambayo viwanda vilianza kuitia miaka ya 50. Ukiimulika kwa taa ya urujuanimno inawaka rangi ya buluu. Taa yenyewe ni ya aina ileile ya kukagulia noti bandia dukani! Kwa picha za baba mdogo isingemaliza ubishi, maana 1972 kemikali hiyo ilishazoeleka, lakini mtu anayejua kazi angeshika karatasi, angesoma kama kiwanda kimeacha jina lake nyuma, angetenga zile za kawaida na zile zenye plastiki zilizokuja kuenea baadaye. Huyu wetu kashika simu.

Ripoti ikaja, kurasa mbili. "Picha za magazeti, nyeusi na nyeupe, hali ya wastani. Fungu lote: shilingi 400,000." Basi. Vipimo hakuna. Ukungu upo kwenye zipi, hakuna. Mauzo gani kalinganisha nayo, hakuna. Na hiyo laki nne ni thamani ipi? Ya bima ni gharama ya kupata nyingine ya namna hiyo, kwa kawaida huwa juu. Ya kugawana mirathi ni ile ambayo mnunuzi na muuzaji wangeafikiana bila yeyote kushurutishwa. Makadirio ya mnada mara nyingi huwekwa chini makusudi ili watu washindane kupandisha, na hapo muuzaji bado hajakatwa kamisheni, bima na usafirishaji. Yeye kaandika "thamani", akaweka sahihi, akachukua ada yake.

Sasa sikieni. Wino haujakauka, anampigia simu binamu yangu. Kampuni iko tayari kuchukua kila kitu kwa laki nne na nusu, "kuwapunguzia usumbufu". Mthamini ndiye mnunuzi! Fisi kakabidhiwa bucha na bado anatudai nauli. Na kwenye mkataba aliouleta kuna mstari: "pamoja na negativu na haki zote zinazoambatana nazo". Kuuza karatasi ni kitu kimoja, hakimiliki ni kitu kingine kabisa, na hili la pili hakulitaja hata kwa bahati mbaya.

Najua kuna watakaokuja kusema baba yako mdogo hakuwa Mohamed Amin, yule mpiga picha maarufu wa Kenya. Sawa, hakuwa, na sijadai bei za Mohamed Amin. Jina ambalo halijawahi kupita mnadani linaanzia chini, hilo nalikubali bila kinyongo. Ila Priya Ramrakha, mpiga picha wa Nairobi, aliuawa Biafra mwaka 1968 akiwa kazini, na picha zake zikaja kukutwa gereji miongo kadhaa baadaye. Lile boksi lingeangukia kwa kijana wetu wa glavu, si lingeuzwa kwa kilo?

Ripoti tumeikataa kwa barua na tunadai ada irudishwe. Binamu ana haraka ya pesa, anasema tupokee tu yaishe, na hapo ndipo ugomvi ulipo nyumbani kwa sasa. Mwenye kumfahamu mthamini anayejua picha za zamani, awe Dar, Zanzibar au hata Nairobi, anayelipwa kwa kazi yake na asiyetaka kununua anachokithamini, aje PM. Madalali msinisumbue.