Swali: Kati ya teknolojia na wakala, nani amembadilisha mwenzake?

Mwanachuo
Ndugu wanajukwaa, ninaandika tasnifu kuhusu namna teknolojia na majukumu ya watu wanaoizunguka yanavyobadilika kwa pamoja, na mfano wangu ni M-Pesa. Maandishi mengi niliyosoma yanaeleza hatua za mitambo, lakini wakala hubaki wakala na mteja hubaki mteja tangu mwanzo hadi mwisho. Nianzie wapi?

Mzee wa Mitambo
Anzia Kenya, kwenye majaribio ya mwaka 2005. Mfumo ulikusudiwa kuwawezesha wakopaji wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, kurejesha mikopo midogo kwa simu, lakini wao wakaanza kutumiana pesa. Huduma ilipozinduliwa Machi 2007, kutuma pesa ndiko kulikotangulizwa. Mkopaji aliamua sura ya bidhaa bila kuitwa kwenye kikao chochote. Mikopo ilirejea mwaka 2012 kupitia M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo ya benki ndani ya M-Pesa, na safari hiyo benki ndiyo iliyoifuata simu.

Wakala wa Mbagala
Shikamoo mzee. Mimi huku Dar es Salaam nilianza kwa kuuza vocha. Leo mezani nina simu nne na daftari moja. Shida yetu kubwa ni floti, yaani salio la simuni tunalomhamishia mteja anayeweka pesa: droo imejaa noti, ilhali mteja anataka kuweka pesa na salio langu kwenye mtandao wake limekwisha. Kuifunga safari ya benki kila mara kulitushinda, na hapo ndipo wakala mkuu alipopata kazi ya kutuuzia floti. Baadaye ikaja lipa namba, yaani namba ya duka ambayo mteja huilipia moja kwa moja kwa simu. Muuza duka jirani, ambaye wateja wake walikuwa wakitoa pesa kwangu kwanza ndipo wakanunue unga kwake, sasa anapokea mwenyewe, na kamisheni ile siioni tena.

Mdadisi
Naongeza jambo moja, maana tusimsahau mdhibiti. Mwaka 2014 huko Kenya, mawakala wa Safaricom, kampuni inayoendesha M-Pesa nchini humo, waliruhusiwa kuhudumia mitandao mingine kutokana na shinikizo la mamlaka ya ushindani, wala si kwa sababu mitambo ilikuwa imebadilika.

Mwanachuo
Nashukuru sana. Kaka wakala, huyo wakala mkuu hulipwa na nani?

Wakala wa Mbagala
Mtandao humlipa kamisheni kutokana na miamala yetu sisi tulio chini yake, ndiyo maana floti ikichelewa hupiga simu yeye kabla yangu.