Bamba la nikeli lenye mabonde: mkondo umepanda, volteji imeanguka. Nakosea wapi?

Mnyalu_Maabara:
Habari zenu wakuu. Nipo Ujerumani nasoma masta, kazi yangu ni seli za jua za filamu nyembamba. Wiki ya tatu hii nimekwama, na msimamizi yuko likizo.

Kwa wasiozijua: silikoni ya paneli za kawaida ina unene wa maikromita 150 na kitu. Yangu ni ya mikrokristali (fuwele ndogondogo mno), maikromita 1.5 tu, na mwanga mwekundu unapita humo kama haujaona kitu. Dawa yake ni kuifanya sakafu iliyo chini ya silikoni iwe na mabonde. Mwanga ukigonga unatawanyika, unarudi kimshazari na kutembea njia ndefu zaidi ndani.

Sakafu naipata hivi. Nachukua kioo chenye oksidi ya zinki, nakichovya kwenye asidi hidrokloriki ya asilimia 0.5 mpaka uso ujae vishimo kama bakuli. Napaka fedha nyembamba ipitishe umeme, kisha kinaingia kwenye bafu ya nikeli salfameti (maji ya kuoteshea nikeli kwa umeme), nyuzi 50. Nikeli ikifika maikromita 100, nayeyusha oksidi ya zinki kwa asidi dhaifu, na bamba linabanduka likiwa na sura ya kioo, fedha usoni. Juu naongeza fedha, oksidi ya zinki nanomita 80, halafu silikoni.

Majibu: bamba bapa (nililotesha kwenye kioo kisichochovywa) linatoa miliampea 17 kwa sentimita ya mraba, volti 0.52, filifakta (kiasi cha mkondo mara volteji kinachopatikana kweli) asilimia 68. Lenye mabonde: miliampea 22, lakini volti 0.43 na filifakta 55. Ukipiga hesabu, nimetoka asilimia 6.0 nimeshuka 5.2. Mabonde yote yale, hasara! Nawasilisha.

FundiKromu_254:
Mkuu, ya sola siyajui, mimi napiga nikeli na kromu kwenye bampa hapa Nairobi. Ukiona vishimo vya duara, hiyo ni povu la haidrojeni limeng'ang'ania. Tia sodiamu laurili salfeti (ile ya kwenye sabuni) kidogo, chuja bafu. Halafu unaenda ampea ngapi? Ampea moja kwa desimita ya mraba inakupa kama maikromita 12 kwa saa. Ukiwa na haraka, nikeli inaingia mkazo na bamba linajikunja kama jani la mgomba lililokauka.

Mnyalu_Maabara:
Ampea 2, kwa muda wa saa nne. Vishimo vya povu vipo kweli, ila mgongoni. Upande uliogusa kioo ni msafi.

FundiKromu_254:
Basi mimi nimetoka hapo. Mgongo hauna shida na silikoni yako.

Bi_Fotoni:
Mdogo wangu, soma tena ulichoandika. Bamba bapa limetoka bafu ileile na volteji yake nzuri. Bafu haina kesi.

Kesi iko hapa: bamba lako si nakala ya kioo, ni kinyume chake. Kioo kilikuwa na mabakuli, na kati ya bakuli na bakuli kingo kali. Kwenye nikeli mabakuli yamekuwa vinundu, na zile kingo zimekuwa mabonde makali ya V. Silikoni ya mikrokristali inaota ikisimama wima juu ya uso ulio chini yake. Kuta mbili za V zikiota zinakutana katikati bila kushikana sawasawa, na pale panabaki ufa wenye vinyweleo. Humo ndimo umeme unamovuja. Watafiti wa Neuchâtel, Uswisi, walishalionyesha hili, na wao walikuwa wanaziviringisha V ziwe U.

Wewe una njia rahisi zaidi, ya watu wa santuri. Wao wanaotesha nikeli ya kwanza, wanaiita baba, kisha juu ya baba wanaotesha mama, na mama anarudi kuwa na sura ya asili. Vua fedha yote usoni mwa baba, mpitishe kwenye potasiamu daikrometi ili nikeli mpya isimng'ang'anie, suuza, rudisha bafuni. Glavu na kabati la hewa ni lazima, ile rangi ya chungwa ni sumu. Mama atakuwa na mabakuli.

Binafsi hata nisingeifanya nikeli sakafu. Ningeifanya mhuri, nigonge resini juu ya karatasi ya chuma, bamba moja linatoa nakala kibao. Ila tasnifu ni yako.

Mzee_wa_Betri:
Samahani kuingilia. Mtaani paneli za fuwele bei chee, haya mahangaiko ya nini? Zile amofasi (za silikoni isiyo na fuwele) zilizojaa Kenya miaka ya 90 ukizianika tu zinapungua nguvu.

Bi_Fotoni:
Kwa paa la nyumba uko sahihi mzee, nunua fuwele. Hizo amofasi, kampuni ya United Solar ya Michigan, Marekani, walizitengeneza kwenye karatasi za chuma cha pua za kuviringishwa na 2012 wakafilisika. Huko kupungua nguvu juani, watafiti Staebler na Wronski walishakuripoti tangu 1977, na tabaka likiwa jembamba kunakuwa kidogo. Ndiyo maana watu wanahangaika na mabonde: tabaka liwe jembamba na mwanga usipotee.

Mnyalu_Maabara:
Dada, nimekata seli nikaitazama kwa maikroskopu ya elektroni. Nyufa zipo, na kila moja imesimama juu ya V! Baba kavuliwa fedha, kapita daikrometi, mama yuko bafuni tangu saa tisa. Sasa kona moja imeanza kubanduka yenyewe na bado maikromita 60. FundiKromu, upo?

FundiKromu_254:
Nipo. Kingo ulizifunga tepu?

Mnyalu_Maabara:
Hapana.

FundiKromu_254:
Itoe. Maji yameshaingia katikati, na daikrometi itachafua bafu yako. Kesho funga tepu pande zote nne, anza na nusu ampea saa ya kwanza.